Fundi Aliyekataa Chuma Kinachong'aa

Habari za msiba zilinikuta dukani, nimeshika koki ya mfereji. Mfereji wa jikoni kwangu umekuwa ukivuja kwa wiki kadhaa, na kwa kuwa sina tena nguvu za kubishana na mafundi wa mabomba, nilikuwa nimeamua kuubadilisha mwenyewe. Nikaingia katika duka moja la vipuri vya posho mill, zile mashine za kusaga unga, mjini Kisii, duka la mzee wa Kihindi niliyemfahamu tangu siku zile nilipokuwa bado nafundisha. Babu yake ndiye aliyelifungua, na mwenyewe anazungumza Ekegusii kuwashinda wanangu. Alinifungia koki yangu kwa kipande cha gazeti, kisha akakawia kunipa. "Mwalimu, umesikia? Fundi yetu ametuacha. Juzi asubuhi. Ni hiyo kifua tu." Nikampa pole, naye akanipa pole, tukabaki tumesimama pale kila mmoja akiitazama ile koki. Wasomaji wangu wa siku nyingi wamezoea kunikuta hapa nikiwaaga watu. Nimefika umri ambao simu ikilia asubuhi siulizi kuna nini, nauliza ni nani. Nimechoka, wala sioni haya kusema hivyo. Lakini huyu wa leo simwandiki kwa sababu zamu yake imefika. Namwandika kwa sababu nilimwahidi sentensi moja katika safu hii, akaingoja miaka minane, akafa hajaisoma.

Marehemu alikuwa fundi wa kusubu chuma, kukiyeyusha na kukimimina. Nyuma ya duka la yule mzee kulikuwa na ua, na uani kulisimama tanuri refu la bati nzito lililojengewa matofali kwa ndani. Humo alipanga matabaka ya koki, yale makaa magumu yatokanayo na makaa ya mawe, na vyuma chakavu: bloku za injini, dramu za breki, miguu ya cherehani zilizokwisha kazi. Feni ya umeme ilipuliza hewa kutoka chini, na baada ya muda chuma kikaanza kutiririka kwenye ndoo nzito iliyopakwa udongo, kikamiminwa katika kalibu za mchanga. Hizo kalibu alizinyunyizia unga wa mawe ya sabuni, lile vumbi linalobaki chini ya miguu ya wachongaji wa vinyago wa kule Tabaka, akiupitisha kwenye soksi kuukuu ili nusu mbili za kalibu zisigandane. Kutoka humo zilitoka puli za posho mill, yale magurudumu yanayozungushwa na mkanda, fito za kuchomea kuni kwenye viwanda vya majani chai huko Nyamira, na vifuniko vya mashimo. Chuma cha namna hii mafundi hukiita kasti. Hakina tabia ya nondo, hakikubali kupinda. Kinabeba mzigo wake kimya, na siku kikishindwa, kinapasuka. Yeye alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, ambaye alinawa mikono kwanza ndipo akusalimie, hata kama ungemngojea dakika tano. Mimi nilimwita Omogaka, kama tunavyomwita mtu mzima anayestahili heshima.

Miaka minane iliyopita nilikwenda kumtazama akifanya kazi, maana nilikuwa nikiandika juu ya mafundi wetu na nilikuwa nimeishiwa na washonaji viatu. Yalikuwa majira ya mvua. Vyuma chakavu vilikuwa vimelala uani, vimenyeshewa hadi vikawa vyekundu kwa kutu, na mwenye duka alikuwa amenunua feni mpya yenye nguvu ambayo aliisifia kuliko alivyowahi kuwasifia wajukuu wake. Chuma kilipoanza kutoka, fundi hakumimina kalibu hata moja. Alichota kidogo, akakimimina katika kijishimo cha mchanga chenye umbo la kabari, pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Kilipopoa wekundu ukatoweka, akakitumbukiza majini, akakilaza juu ya fuawe, akakipiga nyundo moja. Akautazama uso wa pale palipovunjika, kwa muda mrefu, kisha akanipa nusu yake. Ndugu zangu, kilikuwa cheupe. Kiling'aa kama kijiko kipya cha wageni. Nikakipiga picha. Nikamuuliza, "Omogaka, hii ndiyo chuma ya Kisii?" Akanijibu, "Hii ni ya leo." Nikadhani ni unyenyekevu. Ilikuwa saa saba, na katika mkahawa wangu wa siku zote chinsaga, mboga yetu ya kienyeji, ilikuwa na kawaida ya kwisha mapema, kwa hiyo nikashukuru nikaondoka mbio. Wiki ile niliandika safu ambayo niliipenda mno. Nilisema tunaagiza vyuma kutoka ng'ambo ilhali hapa hapa kwetu kuna fundi ambaye chuma chake kikivunjwa kinang'aa kama fedha, na nikamshauri msomaji asikubali kuuziwa kilicho na rangi ya majivu.

Safu ile ilipendwa. Mwenye duka aliikata akaiweka kwenye fremu, akaitundika juu ya kalenda. Watu ambao hawakuwa wameniamkia kwa miaka walinisimamisha barabarani. Kisha asubuhi moja fundi akaja ofisini kwangu, amevaa koti la kanisani, na mkononi ana kitambaa kilichofungwa.

"Bwakire, Mwalimu."

"Bwakire, Omogaka. Karibu."

Akafungua kitambaa juu ya meza yangu. Mlikuwa na vipande viwili vya kabari. "Gusa hii," akasema. Nikagusa. Kilikuwa cha kijivu, chenye chembe chembe, na kidole changu kikatoka na weusi kama nimeshika ncha ya penseli. "Sasa gusa hii." Hicho kilikuwa kile cheupe, na kidole kikatoka safi. "Hiyo chafu ndiyo nzuri," akasema. "Hiyo safi ndiyo mbaya. Ile siku ulienda, mimi nilimwaga chuma yote kwa mchanga. Sikumimina hata puli moja. Ilikuwa imekula hewa."

Nilimwomba anieleze polepole, na alinieleza kama anavyoelezwa mtu aliyesoma. Ndani ya kasti kuna kaboni nyingi iliyotokana na makaa. Chuma kikipoa vizuri, kaboni hiyo hujitenga na kukaa humo ndani kama vijani vidogo vya ile ledi ya penseli, na hivyo ndivyo vinavyokipa rangi ya kijivu, vinavyokubali keekee itoboe, na vinavyomeza mtikisiko wa mashine. Ili kaboni ijitenge inahitaji msaada wa kitu kingine kilichomo, silikoni. Basi ukipuliza hewa kupita kiasi, makaa yakipungua, au ukiingiza vyuma vilivyoliwa na kutu, oksijeni inaingia na kuiunguza silikoni kwanza. Kaboni inakosa wa kuitoa, inabaki imefungwa ndani ya chuma, na chuma kinakuwa cheupe, kigumu, na chepesi kuvunjika kama sahani. Hiyo hiyo oksijeni ikibaki kwenye takataka zinazoelea juu ya ndoo, inakutana na kaboni na kuzaa hewa, na hewa hiyo inaacha matundu chini ya ngozi ya puli, kama yale ya ndani ya mkate, ambayo huyaoni mpaka siku ya siku.

Nikajitia mjuaji. "Basi si uifukuze oksijeni yote?"

Akacheka kidogo, na kicheko kikageuka kikohozi. "Hapana, Mwalimu. Hiyo pia tuliwahi jaribu. Ukiweka chuma kwa moto sana, ukae nayo muda mrefu ukingoja, oksijeni inaisha yote. Sasa chuma inachoka. Hiyo kaboni haioni mahali ya kuanzia. Ukivunja, nyeupe tena. Lazima ibaki kidogo. Kidogo tu."

Nimeandika kwa miaka mingi juu ya serikali, shule na ndoa, na sijui kama nimewahi kukaa mbele ya mtu anayeijua kazi yake namna ile. Nilimuuliza anataka nifanye nini. Akasema watu wanakuja dukani na kipande cha gazeti, wanataka wavunjiwe kabari, na wakiona kijivu wanasema wanaibiwa. "Sitaki uandike mingi. Andika tu moja: ile ya kung'aa ni mbaya, ya kijivu ndiyo nzuri." Nikamwambia nitaandika wiki ijayo. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Sikuandika. Nitawaambia sababu, na hakuna hata moja itakayonipa heshima. Wiki ya kwanza kulikuwa na jambo la siasa. Ya pili niliugua meno. Ya tatu nilikaa nikaianza, nikaona jinsi nitakavyoonekana, mwalimu mzima aliyesifu chuma kibovu kwa sababu alikuwa anawahi mboga. Nikajiambia watu wamekwisha sahau. Sisi tunaoandika tuna ugonjwa huu: kosa tunalitoa kwa mapambo yote, picha juu na jina letu chini, halafu sahihisho tunalitafutia kona, na kona ikikosekana tunashukuru. Nikampiga fundi kalenda, mwezi baada ya mwezi, na tukikutana sokoni Daraja Mbili nilikuwa wa kwanza kuuliza habari za watoto ili asipate nafasi ya kuuliza yake.

Keumbu kulikuwa na mama mmoja mwenye posho mill kando ya barabara. Puli yake ilipokwisha alikuja Kisii, akavunjiwa kabari, akaona kijivu, akakataa. Fundi akamweleza. Mama akafungua pochi na kutoa safu yangu, imekunjwa mara nne. "Hii imeandikwa na Mwalimu. Wewe unajua kushinda gazeti?" Akarudi mara ya pili, bado anataka nyeupe, na fundi bado anakataa. Mara ya tatu mwenye duka akaingilia kati. Haya nayasema kwa ruhusa yake, kwa maana ndiye aliyenisimulia, na hakujificha. Alimwambia, "Fundi, mteja anataka nyeupe. Mpe nyeupe." Kumpa cheupe si kazi. Ni kuiachia tu ile feni na kufumba macho juu ya kutu. Fundi akamimina. Tundu la katikati lilikataa keekee, ikabidi wahangaike nalo kwa jiwe la kunolea, na hata hilo halikumwambia mtu kitu. Mama akaondoka ameridhika, puli imefungwa kwenye gunia. Ilizunguka miezi michache. Asubuhi moja mahindi yalipokuwa mengi ilipasuka, na kipande kikampata juu ya kiwiko. Alipona. Lakini mkono ule haunyooki hadi leo, na unga anaupima kwa mkono wa kushoto.

Sasa mjue kwamba mke wa fundi alikuwa binti wa Keumbu. Kwa hiyo jina lake halikuchafukia mahali popote tu, lilichafukia ukweni. Kwetu mtu anaweza kuvumilia kusemwa na majirani, hata na kanisa, lakini ukweni unaingia umefunga vifungo vyote vya shati. Alianza kwa kukosa harusi moja, akasingizia kazi. Kisha akakosa matanga ya shemeji yake. Mkewe akawa anakwenda peke yake, anaulizwa mzee yuko wapi, anajibu ana kifua. Baadaye kifua kilikuja kweli, baada ya miaka yote ile ya vumbi na moshi, lakini wakati ule kilikuwa cha kusingizia. Alikuja ofisini kwangu mara ya pili katika kipindi hicho. Hakuketi. "Mwalimu, ile kitu uliniahidi, sasa iko na haraka." Nikamwambia wiki ijayo. Nilikuwa tayari nimesikia habari za mkono wa yule mama, na sasa ile sentensi haikuwa tena habari ya kukosea rangi ya chuma. Ilikuwa kukiri mkono wa mtu. Niliogopa, ndugu zangu. Nilikuwa na mlango wa kufunga na kalamu ya kuegemea, na nikamwacha mwenzangu nje.

Mwaka huu alilazwa. Nilimkuta ameegemezwa kwenye mito miwili, mrija wa oksijeni umepita chini ya pua, chupa pembeni ikitoa mapovu. Alikuwa amekonda mpaka koti lake lilionekana la mtu mwingine. Aliona ninavyoutazama ule mrija. "Hii kitu, Mwalimu, nimeifukuza miaka yote kwa chuma," akasema, akipumzika kati ya maneno. "Sasa wananipimia. Daktari anasema isikuwe mingi sana, na isikuwe kidogo. Nikamwambia hiyo najua." Tukacheka wote wawili. Nilipoinuka alinishika mkono. Hakulalamika. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua, "Ile sentensi?" Nikasema wiki ijayo. Nilikuwa na nia kweli. Wiki ijayo ndiyo hii.

Tulimzika nyumbani kwake upande wa Nyamira, kwenye mteremko wenye majani chai, chini ya mvua nyepesi isiyoamua kunyesha wala kukoma. Mwenye duka alikuja na familia yake yote, akasimama nyuma ameshika mwavuli ambao hakuufungua. Katika wasifu walisema alikuwa mchapakazi na mcha Mungu. Hakuna aliyetaja chuma. Na pale kati ya watu wa Keumbu nikamwona mama mmoja, mkono wa kulia umekunjika kifuani kana kwamba amebeba mtoto. Nilijua lazima niende. Baada ya sala ya mwisho nikamfuata, nikamwambia mimi ni nani, nikamweleza yote. Mkahawa, kabari, ahadi, miaka. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kubadilisha uso.

"Mimi niliuliza yeye mwenyewe," akasema. "Nikiwa na plasta. Alikuja kuniona, akaketi hapo chini. Akasema, ni mimi niliona nyeupe nikamimina. Nikamuuliza, sasa ulimimina kwa nini? Akasema, nilichoka kukataa."

"Hakunitaja?"

"Hakutaja mtu." Akarekebisha leso yake kwa mkono wa kushoto. "Mwezi ule ule alinitengenezea ingine. Hakutaka kitu. Akaleta mwenyewe mpaka mlangoni, ya kijivu, chafu chafu hivi. Akasema hii haitavunjika. Lakini, Mwalimu, mtu akikuambia alikumiminia mbaya akijua, halafu akuletee ingine, wewe utaifunga kwa mashine? Sikuifunga. Nilinunua ya Nairobi, hiyo yenye rangi ya bluu. Imepasuka mara mbili nikanunua ingine, mimi hukaa mbali. Ile yake iko chini ya kitanda, imefungwa kwa gunia. Kila nikifagia naigonga na ufagio."

Nikamwambia aifunge. Nikamwambia hiyo ndiyo nzuri, ile inayochafua kidole. Katika macho yake hamkuwa na hasira, mlikuwa na uchovu kama wangu. "Niliamini gazeti nikapoteza mkono," akasema. "Wewe andika kwanza. Nikiisoma hapo pahali niliposoma ile ingine, nitaifunga."

Nimerudi nyumbani na nimeketi. Koki iko mezani bado haijafungwa, mfereji unadondoka. Ningeweza kuongeza mengi. Ningeweza kusema kwamba tunapenda mambo yanayong'aa, hotuba, vyeti, vigae vya sebuleni, na kwamba ni wachache walio tayari kuvunja kidogo watazame ndani. Lakini somo nililolipata ni dogo kuliko hayo, na linanihusu mimi: nilisifu kazi ya mtu bila kungoja kuona mwenyewe anaifanyia nini, kisha nikamwacha abebe sifa hiyo peke yake mpaka ikamshinda. Yeye alikuwa na subira ya kuvunja kabari kila siku kabla ya kumimina. Mimi katika miaka yangu yote ya kuandika sijawahi kuvunja hata moja.

Basi, mama wa Keumbu, ukurasa ni ule ule na mahali ni pale pale. Chuma kinachong'aa ndicho kibaya, cha kijivu ndicho kizuri. Toa ile puli chini ya kitanda, uifunge.